Nguvu za Mgonjwa wa Figo
Zamani waganga wa Ulaya walimpunguzia mgonjwa wa figo nyama, na wengi wakazidi kukonda. Mwaka 1964 Giovannetti na Maggiore, waganga wa Pisa, Italia, walieleza njia bora: protini kidogo, kama ya yai, pamoja na wanga na mafuta ya kutosha. Maana mwili ukikosa nguvu hujila wenyewe, na taka huzidi katika damu. Mgonjwa wa kilo 60 huhitaji kalori 1500 hadi 2100 kwa siku; ugonjwa haumpunguzii hitaji hilo. Nasi Goma tunao bugali wa muhogo na mafuta ya mawese, vyenye nguvu nyingi na protini haba. Lakini tukisikia neno la daktari twamwondolea sambaza na maharagwe, kisha twamwachia sahani karibu tupu.