Bunduki za Hewa na Kiwanda Kilichohama

Kwa sisi tuliokimbia milio ya risasi, kusikia kwamba kuna wazee Ulaya wanaokusanya bunduki kuukuu kwa raha zao kunaudhi kidogo. Lakini subiri, ndugu msomaji. Bunduki hizi hazitumii baruti. Ni za kulenga shabaha, na historia yake inatuhusu kuliko unavyodhani.

Ndani yake mna springi nene na pistoni. Ukiukunja mtutu, springi inabanwa na kushikiliwa. Ukifyatua, springi inaisukuma pistoni kwa nguvu, hewa iliyo mbele yake inabanwa, na kijirisasi cha milimita 4.5 kinatoka. Basi, hakuna zaidi. Pampu ya baiskeli ni ndugu yake wa karibu.

Tena baiskeli si mfano tu. Mwaka 1899 Hermann Weihrauch alianzisha karakana Zella, mji wa mafundi chuma katika eneo la Thüringen, Ujerumani. Jirani zake wa mji huo na wa Mehlis walikuwa akina Walther na Anschütz, nao watengenezaji wa silaha. Aprili 1945 Wamarekani waliingia huko. Julai wakawaachia Warusi. Viwanda vikataifishwa, wenyewe wakavuka kwenda magharibi. Walther na Anschütz waliishia Ulm. Familia ya Weihrauch ilitua Mellrichstadt, kamji ka Bavaria karibu kabisa na mpaka mpya.

Kutengeneza silaha kulikuwa marufuku kwa Mjerumani yeyote. Kwa hiyo mwaka 1948 Weihrauch walianza upya na vipuri vya baiskeli. Hapa kambini nani hamjui fundi wa namna hiyo, mtu aliyekuwa na karakana kubwa kwao na sasa anaziba pancha chini ya mti? Bunduki za hewa ziliporuhusiwa, wakarudi kwenye kazi yao, na mwaka 1951 wakatoa HW35, bunduki ambayo wakusanyaji wanaiheshimu mpaka leo.

Wa Diana yaliwakuta mengine. Kiwanda chao kilikuwa Rastatt tangu 1890. Wao hawakuhama, mashine ndizo zilizohama. Baada ya vita zilichukuliwa hadi Scotland, kwa kampuni ya Milbro, pamoja na haki ya kutumia jina la Diana Uingereza. Wajerumani walipofufua kiwanda chao na kutaka kuuza Uingereza, ikabidi bunduki zao ziitwe "Original". Yaani mwenye jina anazuiwa kutumia jina lake! Anayejua shida ya kupata karatasi mpya zenye jina lililoandikwa sawasawa ataelewa.

Ndiyo maana fundi mzuri wa bunduki hizi haendi haraka na msasa. Kutu inaondolewa taratibu, kwa mafuta na kitambaa. Ukisugua mpaka chuma king'ae, unafuta mhuri wa kiwanda na mji, na kwa maoni yangu hapo umeharibu, hata kama springi umeweka mpya. Kwenye zile za zamani pistoni ina wosha ya ngozi. Ngozi ikikauka hewa inavuja, nguvu inapotea. Inalowekwa mafuta hadi ilainike. Ila mafuta ya petroli ni hatari: hewa ikibanwa inapata joto, mafuta yanawaka kama kwenye injini ya dizeli, moshi na kishindo vinatoka, na springi inaweza kukatika. Na springi yenyewe, ukiifungua bila kuibana kwenye jiliwa, inaruka na kuumiza mtu.

Kutoka Mellrichstadt hadi Zella, ukipiga mstari ulionyooka, hazifiki kilometa 40. Katikati paliwekwa uzio uliodumu mpaka 1989. Ulipofunguliwa, Weihrauch hawakurudisha kiwanda. Hadi leo bunduki zao zinatengenezwa Mellrichstadt.