Vyombo Vilivyokuja Ziwani kwa Vipande

Leo ni somo la historia. Tutasoma habari za vyombo viwili vilivyoundwa Uingereza, vikafunguliwa, vikaletwa kwetu vipande vipande. Kila mmoja awe na rula, mkasi na kadibodi, tutavihitaji mwishoni.

Chombo cha kwanza kiliitwa Lady Alice. Ilikuwa mashua ya mbao ya Henry Stanley. Siku zile, kutoka pwani hadi ziwani hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Kila mzigo ulikwenda juu ya kichwa au bega la mpagazi. Kwa hiyo mashua iliundwa kwa sehemu za kufunguliwa. Zilipofika Unguja zilionekana nzito mno, ikabidi fundi mwingine azigawe tena. Yule wa kwanza aliijua mashua, hakumjua mpagazi.

Msafara uliondoka Bagamoyo Novemba 1874, ukafika kusini mwa ziwa Februari 1875. Vipande vikaunganishwa, na mwezi wa Machi mashua ikaingia majini. Tarehe 28 Aprili ilifika Bumbire, kisiwa ambacho ninyi watu wa Muleba mnakijua vizuri. Watu wa kisiwa hawakuwa wamemwalika mgeni huyu mwenye bunduki. Waliivuta mashua nchi kavu, wakachukua makasia. Stanley na watu wake wakaisukuma majini, wakang'oa mbao za sakafu yake, wakapiga makasia kwa mbao hizo. Agosti mwaka ule ule Stanley alirudi na mitumbwi mingi, akawapiga risasi watu wa Bumbire. Wengi walikufa. Tukiisifu mashua ile, na hao tuwataje.

Chombo cha pili ni meli Victoria, ambayo wazee wengi wa Bukoba wamesafiri nayo kwenda Mwanza. Meli ya chuma haibebwi kichwani, wala hakuna njia ya maji ya kuipitisha kutoka baharini hadi ziwani kwetu. Basi mafundi wa kampuni ya Yarrow, huko Glasgow, waliiunganisha kwanza kwa bolti. Wakaandika namba juu ya kila kipande, kisha wakaifungua yote. Vipande hivyo, mamia kwa mamia, vilikuja kwa meli hadi Mombasa, na kwa gari moshi hadi Kisumu. Huko ikaunganishwa tena kwa kufuata namba. Mwaka 1961 ikaanza kazi. Fikirini: tundu moja likikosewa, bolti haiingii, na kiwanda kiko ng'ambo ya bahari. Ndiyo sababu waliiunganisha mara mbili. Na fundi asiyeweza kusoma namba asingejua bamba lake liende wapi.

Siku hizi kuna njia nyingine ya kukata vipande. Mwaka 1967, huko Cambridge, bamba la chuma lilikatwa kwa mwali wa leza uliosaidiwa na oksijeni. Leza ni mwanga uliokusanywa mahali padogo hata ukachoma. Mashine yake hufuata mchoro kama ulivyo. Mchoraji akikosea, nayo hulikata kosa lile lile.

Sasa chukueni kadibodi. Kateni vipande viwili, kila kimoja kimo chake sentimita 10. Katika cha kwanza kateni mwanya wa sentimita 5 kutoka juu. Katika cha pili, sentimita 5 kutoka chini. Upana wa mwanya uwe sawa na unene wa kadibodi. Vipachikeni. Vitasimama bila gundi wala msumari. Mwanya ukiwa mpana, vipande hulegea. Ukiwa mwembamba, kadibodi hukunjika.

Leza nayo hula kidogo kila upande wa mstari. Ikiwa kadibodi ina unene wa milimita 2, na mwali unakula sehemu mbili za kumi za milimita, mwanya uchorwe milimita 1.8 tu, mwali utaongeza sehemu iliyobaki.

Zoezi la wiki hii: kadibodi ikiwa ya milimita 3, na mwali ni ule ule, mwanya uchorwe upana gani? Andikeni jibu daftarini, mwonyesheni mwalimu wa kikundi chenu.