Utayari wa Kaya: Istilahi na Kazi Yake Dagahaley

Mapema Mei 2024, mvua za masika zilipokuwa zimezidi kiasi kote Kenya, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilieleza kwamba watu karibu 20,000 walikuwa wameyahama makazi yao katika kambi za Dadaab kwa sababu ya mafuriko. Wengine walilala madarasani, wengine wakapokewa na jamaa na majirani ambao nyumba zao zilikuwa bado kavu. Vyoo viliharibika. Wengi wa waliofurikiwa walikuwa wageni, waliofika kambini katika miezi 18 iliyotangulia wakikimbia ukame. Jua liliwafukuza kwao, na maji yakawakuta ugenini.

Kila baada ya tukio kama hilo hurudi neno moja la Kiingereza, preparedness, katika ripoti za mashirika na za serikali. Kiswahili kimelipa tafsiri nyingi: maandalizi, matayarisho, kujiandaa, tahadhari, utayari. Zote hutumika, mara nyingine katika ukurasa mmoja, kana kwamba ni kitu kimoja. Nashikilia kwamba utayari ndilo linalofaa, na kwamba uchaguzi huu una uzito zaidi kwa mama mwenye watoto watano katika bloku ya Dagahaley, mojawapo ya kambi za Dadaab, kuliko ulivyo na uzito kwa mhariri wa kamusi.

Kwanza tujue ni utayari wa kukabili nini. Wataalamu hutenganisha hatari na maafa. Hatari ni ile mvua kubwa yenyewe, au upepo, au vijidudu vya kipindupindu. Maafa ni yale yanayotokea hatari inapokutana na watu wasio na kinga. Mvua iliyonyesha nyikani pasipo mtu haina maafa. Mvua ileile ikinyesha juu ya vibanda vya fito na maturubai vilivyojengwa bondeni, ina maafa. Tanzania imelikubali neno hili hadi kwenye sheria: ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na Zanzibar ina Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Kenya magazeti na maofisa hupenda zaidi majanga, na wakati mwingine mkasa. Sina ugomvi na majanga, ila neno hilo hubeba mambo mawili kwa pamoja, mvua yenyewe na hasara iliyoletwa na mvua. Mtu akiambiwa "janga linakuja," husikia kwamba hasara imekwisha kuandikwa. Akiambiwa "hatari inakuja," bado ana nafasi ya kufanya kitu.

Sasa maandalizi. Kiswahili hulitumia kwa jambo lenye siku yake: maandalizi ya harusi, ya mtihani, ya Idi. Siku ikipita, maandalizi yamekwisha. Mafuriko hayana tarehe, na moto katika vibanda vya fito wakati wa kiangazi hauna hata msimu wa uhakika. Kujiandaa ni kitenzi kizuri, tena kile kiambishi -ji- kinamkumbusha mtu kwamba kazi ni yake, lakini nacho kinataja tendo, si hali. Nyumba inaweza kuwa imejiandaa Oktoba, na kufikia Januari mitungi imepasuka na akiba imeliwa.

Tahadhari ndilo linalochanganya zaidi, kwa kuwa lina maana mbili zinazokwenda pande mbili. Serikali hutoa tahadhari. Mwananchi huchukua tahadhari. La kwanza ni habari, la pili ni mwenendo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imelipa mahali maalumu katika ngazi zake za taarifa: kuna angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hupanga hali ya kaunti kavu kwa hatua tano, kuanzia ya kawaida hadi dharura, halafu nafuu. Hatua ya pili kati ya hizo ndiyo inayoitika vizuri kwa Kiswahili kuwa tahadhari. Kwa hiyo neno moja limeketi kwenye vidato tofauti katika nchi mbili jirani. Tukilitwisha pia kazi ya preparedness litalemewa. Tahadhari na ibaki kuwa taarifa inayotoka nje ya nyumba. Utayari uwe ni kile ambacho taarifa hiyo inakikuta ndani.

Utayari limejengwa kama uzima, ukamilifu au usafi: ni jina la hali. Hali inaweza kukaguliwa siku yoyote. Unaweza kuingia nyumba fulani Jumanne ya kawaida, jua likiwaka, ukauliza: je, nyumba hii iko tayari? Jibu likapatikana kwa macho.

Kuna pingamizi, nalo ni la haki. Utayari hutumika pia kwa maana ya nia: utayari wa kujitolea, utayari wa kulipa. Msomaji anaweza kudhani anaombwa moyo tu. Ndiyo sababu sipendi neno hili liachwe peke yake. Liandikwe utayari wa kaya, na likitajwa lifuatwe na vitu vinavyoshikika.

Kaya nayo inahitaji maelezo. Pwani ya Kenya neno hili humpeleka msikilizaji kwenye misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Watakwimu wa Afrika Mashariki hulitumia kwa watu wanaokula chungu kimoja. Dagahaley maana hiyo ya pili ndiyo inayotawala maisha, kwa sababu mgao hutolewa kwa idadi ya watu waliosajiliwa pamoja. Lakini chungu hakifuati karatasi. Mafuriko ya 2024 yalipoleta ndugu mlangoni, kaya iliyosajiliwa kwa watu sita ililisha zaidi ya sita, na mgao haukujua. Ukipanga utayari wa nyumba ya Kisomali bila kuhesabu mgeni, umeipanga vibaya tangu mwanzo.

Hapa Kiswahili kina bahati ambayo watafsiri hawajaitumia vya kutosha. Wakazi wengi wa Dagahaley lugha yao ni Kisomali, na msamiati wa maafa wa lugha hizi mbili umechota kwenye visima vilevile vya Bahari ya Hindi. Maafa ya Kiswahili ni ndugu wa aafo ya Kisomali. Msiba ni ndugu wa musiibo. Na tayari ni ndugu wa diyaar, ambamo Kisomali kimetoa diyaargarow, neno lake la utayari. Mzee asiyejua Kiswahili kingi akisikia "uwe tayari" atalishika neno hilo kwa urahisi kuliko "fanya maandalizi". Wasomali wenyewe wana desturi ya kuzipa njaa kuu majina: ukame wa 1974 na 1975 waliuita Dabadheer, wenye mkia mrefu, kwa jinsi ulivyokataa kwisha. Watu wanaoupa ukame jina hawahitaji kufundishwa kwamba hatari ipo. Kinachokosekana ni vifaa, na nafasi ya kuvihifadhi.

Basi twende kwenye vifaa. Miongozo mingi ya utayari iliandikwa kwa nyumba yenye kabati, friji na gari, na humwambia msomaji aweke chakula cha siku tatu. Dagahaley ilifunguliwa mwaka 1992 kupokea watu waliokimbia vita Somalia, chini ya kilomita 100 kutoka mpakani, na wengi wa wakazi wake bado hawaruhusiwi kwenda kutafuta kazi popote wapendapo nchini. Mwaka 2025 mgao wa chakula wa wakimbizi nchini Kenya ulipunguzwa sana kwa uhaba wa fedha. Kumwambia mtu anayekula mgao uliokatwa aweke akiba ya siku tatu ni kumwomba ajinyime leo kwa ajili ya kesho isiyo na tarehe. Agizo la namna hiyo halitekelezeki, na anayelitoa ajue hivyo.

Maji, hata hivyo, yanawezekana. Viwango vya kimataifa vya misaada, vinavyojulikana kama Sphere, vinataja lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini cha mahitaji yote ya nyumbani. Kwa watu sita hizo ni lita 90, yaani mitungi minne na nusu ya lita 20 kila siku. Hakuna nyumba ya kambini itakayoweka akiba ya siku tatu kwa kipimo hicho. Lakini viwango hivyohivyo vinakadiria maji ya kunywa na ya chakula pekee kuwa lita 2.5 hadi 3. Watu sita, lita 18. Mtungi mmoja unatosha siku moja. Mitungi mitatu safi yenye vifuniko, iliyoinuliwa juu ya mawe, ikitumiwa na kujazwa upya ili maji yasivunde, ni siku tatu za uhai wakati bomba limezama au njia ya kwenda bombani haipitiki. Huo ni utayari unaohesabika, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuukagua.

Maji machafu ndiyo yanayoua baada ya maji mengi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dadaab mwishoni mwa 2022 uliendelea hadi mwaka uliofuata, na hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka iliyoko Dagahaley ilipokea wagonjwa wake. Chumvi za kurudisha maji mwilini hutolewa bure kwenye vituo vya afya. Pakiti chache nyumbani hazichukui nafasi. Zikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi vitamshikilia mgonjwa mpaka afikishwe kwa daktari. Vijiko hivyo vipimwe vikiwa sawasawa, visilundikwe. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto.

Karatasi nazo. Kwa mkimbizi, kitambulisho na cheti cha usajili ndivyo vinavyomfungulia mgao, matibabu na shule. Karatasi ikilowa, kuipata nyingine ni safari ya foleni nyingi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hiyo kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana ndilo la kutafutwa, likae mahali pamoja panapojulikana na kila mtu mzima wa nyumba. Simu pia, kwa sababu sehemu ya msaada wa chakula imekuwa ikija kwa simu: ichajiwe mawingu yanapokusanyika, si yanapomwaga.

Kuna jambo moja la kijiografia ambalo watangazaji wa mbali hulikosea. Garissa mjini na Madogo hutishwa na Mto Tana. Mabwawa ya juu, Masinga na wenzake, yakijaa na kufurika, maji huchukua siku kadhaa kuteremka, na tahadhari inaweza kutolewa kwa wakati. Dagahaley haiko kando ya Tana. Mafuriko yake ni ya mvua iliyonyesha hapohapo na ya laga, yaani vijito vinavyokauka karibu mwaka mzima kisha kujaa kwa saa chache. Tahadhari ya Tana haimfai mtu wa Dagahaley, ila kwa jambo moja: barabara ya Garissa kwenda Nairobi ikikatika, kama ilivyokatika mwishoni mwa 2023, malori ya chakula huchelewa na bei sokoni hupanda. Mtu wa Dagahaley apimiwe utayari wake kwa muda wa laga, ambao ni saa, si kwa muda wa mto, ambao ni siku.

Nina hofu moja kuhusu istilahi hii, na nadhani inastahili kusemwa wazi. Utayari wa kaya likitamkwa ovyo hugeuka kuwa njia ya kuitupia nyumba lawama. Familia iliyogawiwa kiwanja bondeni haikuchagua bonde. Mifereji ya kambi haichimbwi na mama mmoja kwa jembe lake. Vyoo kuinuliwa, wageni kupewa viwanja vya juu, shule kuwekwa tayari kupokea watu bila masomo kufa: hayo ni ya serikali ya kaunti, ya idara ya wakimbizi, na ya mashirika. Serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika mwezi Machi 2025, unaokusudia kuzifanya kambi ziwe makazi yanayohudumiwa pamoja na wenyeji. Mji ukipangwa, mifereji iwe ya kwanza kupangwa. Utayari wa kaya unaanza pale utayari wa mji unapoishia, hauwezi kuziba nafasi yake.

Kwa wenzangu wanaotafsiri vipeperushi, na kwa watangazaji wa Radio Gargaar na vituo vingine vinavyosikika Dadaab: kabla mvua za vuli, Deyr kwa Kisomali, hazijaanza Oktoba, acheni kuwaambia watu wafanye maandalizi ya majanga. Waambieni mitungi mitatu yenye vifuniko, kopo la karatasi, pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini, simu yenye chaji, na njia ya kwenda mahali pa juu ambayo watoto wameitembea mchana. Semeni kwa Kisomali kwanza, kisha kwa Kiswahili. Na mkishamaliza, mwulizeni mwenye mamlaka, hewani, mifereji ya Dagahaley imefikia wapi.