Yubile Huanza kwa Toba



Tunapomshukuru Mungu kwa miaka 50 ya huduma ya uimbaji, tumeona si vyema kusimulia nyimbo na safari peke yake. Mambo ya Walawi 25 inaeleza kwamba baragumu ya mwaka wa yubile ilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, yaani Siku ya Upatanisho. Israeli walijinyenyekeza kwanza mbele za Mungu, ndipo watumwa wakaachwa huru na mashamba yakarudi kwa wenyewe. Toba ilitangulia shangwe, na toba hiyo ilikuwa na kurudisha ndani yake.

Kanisa la Afrika Mashariki lilijifunza jambo hilo upya karibu miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari. Walisoma Biblia na kuomba pamoja, wakitafuta kile walichopungukiwa wao wenyewe. Katika miaka ya 1930 toba ikaenea Gahini na Uganda. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi aliyefundisha Gahini, alifariki mapema 1936, lakini wito wake kwamba kanisa liamke haukuzikwa naye. Mwaka 1937 wajumbe wa Uamsho walifika Kabete, na 1938 wakafika Maseno.

Wazee wetu waliouona Uamsho hawakuzungumzia machozi sana. Walizungumzia vitu vilivyorudishwa. Aliyeiba alirudisha alichoiba, mwenye deni la zamani akalipa, mume akamwomba mkewe msamaha. Wamisionari wazungu nao walitubu kiburi chao mbele ya Waafrika. Dhambi ilitajwa kwa jina lake, kwa sababu walitaka kutembea nuruni kama 1 Yohana 1:7 inavyofundisha. Aliyetubu alipokelewa kwa wimbo wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ambao hadi leo ni alama ya Uamsho. Wimbo ulifuata toba.

Sisi nasi tuna historia yetu. Kuna wakati fedha za kanda yetu ya kwanza hazikuonekana zote. Tuliendelea kuimba kila Jumapili, sauti zikipatana vizuri, huku sauti ya tatu haisalimiani na ya nne. Jioni moja ya mazoezi mwenzetu alisimama. Hakusema, "Kama kuna niliyemkosea, anisamehe." Alitaja kiasi alichochukua, akasema alilipia karo, akaahidi kukirudisha kidogo kidogo. Alikirudisha chote.

Hapo ndipo sisi wengine tulipojiona. Kwa miezi mingi tulikuwa tumemshuku mtu mwingine, asiye na hatia, na minong'ono yetu ilikuwa imemfanya aache kwaya. Hatukuchukua hata senti moja, lakini tulikuwa tumemnyang'anya jina lake jema. Tulimwendea nyumbani. Alitupikia chai, akatusamehe, tukaomba pamoja. Lakini hakurudi tena kuimba. Msamaha tulipewa bure. Miaka ile hatukuwa na uwezo wa kumrudishia.

Tunaandika haya ili wanakwaya wachanga wasidhani kwamba kwaya hii ilisimama kwa sababu ya sauti nzuri. Ilisimama kwa rehema za Mungu, na kwa sababu mtu mmoja alikubali kuaibika mbele yetu. Kujichunguza si kuwahesabia wenzetu makosa, wala si kujilaumu bila mwisho. Ni kumwomba Mungu atuangazie, kisha kuinuka na kutengeneza tulichoharibu. Zakayo alishuka mtini kwa furaha, na papo hapo akaanza kuzungumza habari za kulipa.

Basi, mpendwa, kabla ya wimbo wa kwanza leo, jiulize: Ni nani nisiyemsalimia? Nimeshika nini kisicho changu? Ni jina la nani nililolichafua? Kama yuko hapa kanisani, usingoje ibada iishe. Mwendee. Kisha njoo tuimbe yubile pamoja.