Vimelea vya mbwa na paka (Nakuru na Bonde la Ufa la kati)

Vimelea vya mbwa na paka ni wadudu na minyoo wanaoishi kwenye ngozi au ndani ya mwili wa wanyama hao. Nakuru, Njoro na Gilgil, mbwa mlinzi huwa na kupe wa kahawia (*Rhipicephalus sanguineus*), aliyejibanza sikioni au katikati ya vidole. Kupe huyu hueneza vijidudu vya *Babesia* na *Ehrlichia*, viletavyo homa na upungufu wa damu. Hutaga mayai katika nyufa za banda. Kwa hiyo kumwogesha mbwa kwa dawa na kuacha banda bila dawa ni kazi bure. Dawa za kupe za ng'ombe zenye amitrazi, na permethrini pia, zisimguse paka: zaweza kumuua.

Hatari zaidi kwa binadamu ni tegu *Echinococcus granulosus*. Mbwa humpata akitupiwa maini au mapafu mabichi yenye vifuko vya maji, hasa mbuzi anapochinjiwa nyumbani. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa, na binadamu huambukizwa akiyameza. Dawa ya prazikwanteli humuua tegu huyo, na penye hatari kubwa mbwa hupewa kila wiki 6.

Watoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo kuanzia wiki ya 2, kwani minyoo ya *Toxocara* huwaingia wangali tumboni mwa mama. Wa paka, wiki ya 3.