Mzaha wa Siku 132

Juu ya makala za Wikipedia ya Kiswahili kuna neno dogo: Hariri. Mzee wa pwani angedhani anaonyeshwa kitambaa laini. Katika chumba cha habari nilikojifunzia kazi, lilikuwa neno la mtu mmoja mwenye kiti, miwani na kalamu nyekundu. Hapa ni kitufe tu, na mwenye simu yeyote hukibonyeza. Jirani yake kipo kingine ambacho wasomaji wengi hawakigusi, cha historia. Ukikifungua unaona nyayo: nani alipita, saa ngapi, kaongeza nini, kafuta nini. Mimi huanzia hapo, na ndiko nilikoanzia nilipotaka kuifuata njia ya mwaka 2005 inayokwenda hadi Nashville, jimbo la Tennessee, Marekani.

Tarehe 26 Mei mwaka huo, mtu asiyejitaja jina aliingiza katika Wikipedia ya Kiingereza wasifu mfupi wa John Seigenthaler. Alidai mzee huyo aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John F. Kennedy na ya mdogo wake Robert, kisha akaishi Umoja wa Kisovyeti tangu 1971 hadi 1984. Hebu pima uzito wa uongo huo. Seigenthaler alikuwa mwanahabari aliyeliongoza gazeti la The Tennessean. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa msaidizi wa Robert Kennedy katika Wizara ya Sheria. Mwaka 1961, mjini Montgomery, Alabama, alipigwa bomba la chuma kichwani akiwanusuru vijana waliopanda mabasi kupinga ubaguzi wa rangi. Robert alipouawa mwaka 1968, alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Aliyebeba jeneza ndiye aliyesingiziwa risasi.

Uzushi huo ulikaa siku 132, na sababu imo katika jinsi Wikipedia ilivyoanza. Jimmy Wales na Larry Sanger walikuwa wameifungua kamusi elezo hiyo Januari 15, 2001, baada ya kuchoshwa na mradi wao wa kwanza, Nupedia, ambao kila makala yake ilipitia hatua saba za uhakiki na zilizofika mwisho zikawa za kuhesabika. Wikipedia ikapindua utaratibu: andika sasa, atakayeona kosa atalirekebisha. Katika barabara kuu inayopitwa na maelfu, kosa halikai. Kwenye kichochoro hujilalia, na wasifu wa Seigenthaler ulikuwa kichochoro. Tovuti nyingine zikaunakili vilevile ulivyo.

Novemba 29 mzee akaandika katika USA Today, kwa hasira iliyotulia, ile ya mhariri mkongwe. Hapo msako ukapamba moto. Wakati huo asiyejitaja jina aliacha namba ya mtandao ya kompyuta yake, na namba ile ilielekeza kwenye ofisi ya kampuni moja ya kusafirisha vifurushi, palepale Nashville. Mfanyakazi mmoja akakiri: alidhani Wikipedia ni tovuti ya utani, akataka kumchekesha mwenzake. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Akaacha kazi, akapeleka barua ya kuomba radhi. Seigenthaler, mwenye miaka 78, hakumshtaki. Alimwomba mwajiri amrudishie kazi yake. Huko Wikipedia ya Kiingereza, wasiojiandikisha wakazuiwa kuanzisha makala mpya.

Vumbi halijatulia, Desemba hiyohiyo jarida la Nature likatoa hesabu yake. Wataalamu walikuwa wamepewa makala 42 za sayansi: Wikipedia ilikutwa na wastani wa karibu makosa manne kwa makala, kamusi elezo ya Britannica karibu matatu. Magazeti yakashangilia kana kwamba nne na tatu ni namba ileile. Britannica, iliyoanza Edinburgh mwaka 1768, ilikasirika na kuipinga kazi hiyo waziwazi Machi 2006. Nature haikurudi nyuma. Mimi sikushangazwa na ile nne. Nilishangazwa na tatu, maana tulilelewa tukiamini kwamba kitabu chenye jalada gumu hakina kosa hata moja.

Basi nikafungua historia ya makala ya Seigenthaler, nione kwa macho yangu mstari ule wa Mei 26. Haupo. Oktoba 5, 2005, matoleo yenye uzushi yalifichwa yasionekane na umma. Naelewa, heshima ya mtu aliye hai si jambo la kuachwa hadharani. Lakini aliyefuata nyayo hadi hapo anakuta njia imefagiliwa.

Nikasoma toleo la leo. Linataja daraja la Mto Cumberland, ambako mwaka 1954, akiwa ripota kijana, Seigenthaler alimdaka mtu aliyetaka kujirusha majini. Mwaka 2014, miezi michache kabla hajafariki, Nashville ililipa daraja hilo jina lake. Nikakibonyeza tena kile kitufe cha pembeni, nione ni nani aliyeiandika sentensi hiyo.