Gabbar Singh na Waamuzi wa Ng'ambo: Historia ya Ubishi wa Sinema Likoni, Kisauni na Changamwe

Mwaka 1976, kwenye tuzo za Filmfare huko Bombay, filamu ya Sholay ilipendekezwa katika vipengele 9 ikatoka na kimoja: uhariri, kazi ya M. S. Shinde. Filamu bora ikawa Deewaar. Mwongozaji bora akawa Yash Chopra, wa Deewaar hiyo hiyo. Mwigizaji msaidizi bora akawa Shashi Kapoor, tena wa Deewaar. Sanjeev Kumar alipewa tuzo ya mwigizaji bora, lakini si kwa kucheza Thakur, mzee aliyekatwa mikono. Alipewa kwa Aandhi. Na Amjad Khan, yule aliyecheza jambazi Gabbar Singh, alirudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa wapenzi wa picha za Kihindi waliokuwa vijana Mombasa wakati ule, hesabu hiyo haijakaa sawa mpaka kesho. Keti nao kwenye kahawa Majengo Mapya ama Mlaleo, uitaje Sholay, halafu usikilize. Utasikia habari za mwanga, za sauti ya viatu juu ya mawe, za nani aliyestahili na nani aliyependelewa. Hawa ni watu ambao wengi wao hawakuwahi kukaa kwenye darasa la filamu, na bado wanaijua picha hiyo fremu kwa fremu.

Nimejiuliza sana ujuzi huu ulitoka wapi, na jibu ninaloliamini limo katika ramani ya mji wenyewe. Kumbi za sinema zilizotajika, Naaz, Regal, Majestic na Kenya, zilikuwa kisiwani. Mtu wa Likoni alipaswa kupanda feri. Wa Kisauni alivuka daraja la Nyali, lile la kuelea lililofunguliwa 1931, hadi lilipojengwa la zege mwaka 1980. Wa Changamwe alikuja kwa barabara ya Makupa. Kwa hiyo picha iligharimu tiketi, nauli ya kwenda na kurudi, na wasiwasi wa kuchelewa usiku. Si wote waliokuwa na uwezo huo. Katika nyumba moja huenda alikwenda mmoja, na wenzake wakamngoja.

Aliyekwenda alirudi na deni la kusimulia. Hapo ndipo ubishi ulipozaliwa. Ulianzia kwenye foleni ya feri, watu wakiwa bado na joto la ukumbini, ukaendelea barazani kwa siku kadhaa. Msimulizi hakuweza kusema tu kwamba picha ilikuwa nzuri, kwa sababu waliomzunguka walitaka waione. Stelingi, yaani shujaa wa picha, aliingia vipi? Adui alikuwa na sura gani? Alipokufa rafiki, mvua ilikuwa inanyesha ama jua linawaka? Akikosea, aliyeiona picha hiyo hiyo Jumapili iliyopita alimkatiza papo hapo. Huko ng'ambo ya kisiwa picha iliishi zaidi mdomoni kuliko kwenye pazia, na mtu anayejua kwamba atahojiwa hutazama kwa macho mengine.

Tumchukue Gabbar. Kwa mizani ya baraza, uigizaji hupimwa kwanza kwa adui. Stelingi ana kila kitu upande wake, ana nyimbo, ana mapenzi, ana hadhira. Adui hana ila uwezo wake. Na Amjad Khan alikuwa karibu mgeni. Nafasi ile ilikusudiwa Danny Denzongpa, aliyebanwa na kazi ya Dharmatma kule Afghanistan. Tunapomwona Gabbar mara ya kwanza, hatuoni uso. Tunaona viatu vikitembea juu ya mwamba, tunasikia mkanda ukiburuzwa, na watu wake watatu wamesimama kama walioshtakiwa. Anawauliza kwa upole waliowashinda walikuwa wangapi, nao wanajibu wawili. Upole ule ndio unaotisha. Anacheka, wanacheka naye, kisha anawamaliza. Msimulizi mzuri wa Likoni aliigiza sehemu hiyo kwa mkanda wake mwenyewe, akiuburuza sakafuni.

Kisha kuna picha yenyewe, yaani kazi ya kamera. Aliyeshika kamera alikuwa Dwarka Divecha, na filamu ilikuzwa hadi upana wa milimita 70, mara mbili ya ule wa kawaida, ili mawe ya Ramanagara yajaze ukuta mzima. Lakini kipande kinachotajwa zaidi ni kidogo na cha kimya. Jioni, Jai, mmoja wa mastelingi wawili wa picha, anapiga kinanda cha mdomo barazani. Ng'ambo ya pili, Radha, mjane aliyevaa nyeupe, anazima taa moja baada ya nyingine. Hawazungumzi. Divecha aliitaka nuru ile inayokuja baada ya jua kuzama na kabla ya giza, na nuru hiyo hudumu dakika chache tu, kwa hivyo wakalazimika kurudi pale jioni baada ya jioni mpaka kipande kikatimia. Mtu wa pwani anaijua nuru hiyo. Ni ile ya magharibi, mwadhini anapojiandaa. Ndiyo maana hakuhitaji kuelezwa kwa nini roho inamwuma akiitazama.

Walikuwepo pia waliotetea hukumu ya Bombay, na hoja yao haikuwa nyepesi. Katika Deewaar, Amitabh Bachchan ni Vijay, kuli wa bandarini. Anabeba mizigo meli hadi ghala, na kila siku ya malipo wanyang'anyi wanadai fungu lao. Siku moja anakataa. Sasa fikiria picha hiyo inatazamwa na watu wa Changamwe na Chaani, jirani na bandari ya Kilindini, katika mji ambao mgomo mkuu wa Januari 1947 uliusimamisha kwa siku kadhaa, wafanyakazi wa bandari wakiwa mstari wa mbele. Juu ya hayo, kibati cha kazi cha Vijay kina namba 786, na mzee Rahim anamweleza kwamba kwa Waislamu namba hiyo ni ya baraka. Kibati hicho ndicho kinachozuia risasi. Msikitini na bandarini, picha iliwagusa pote pawili. Mimi niko upande wa Sholay, lakini sijawahi kumshinda kwa hoja mtu aliyewahi kubeba magunia Kilindini.

Zilikuwepo hukumu nyingine zilizoumiza. Mother India ya 1957, Nargis akiwa mama anayelima kwa mikono yake na kumpiga risasi mwanawe mwenyewe, ilifika kwenye orodha ya Oscar ya filamu za kigeni mwaka 1958, ikashindwa na Nights of Cabiria ya Fellini. Nargis alipata heshima yake kwenye tamasha la Karlovy Vary mwaka huo huo. Na Mughal-e-Azam ya 1960, iliyopewa tuzo ya Filmfare ya filamu bora na ya upigaji picha, ilimwacha Madhubala bila tuzo. Ya mwigizaji bora wa kike ilikwenda kwa Bina Rai wa Ghunghat. Leo ni wangapi wanaoikumbuka Ghunghat?

Kuhusu Sholay kuna jambo jingine ambalo wengi hawakulijua wakati ule. Barazani waliulizana kwa nini Thakur, baada ya kumkanyaga Gabbar kwa viatu vya misumari, anamwachia polisi. Mzee mzima aliyeuliwa familia, anasita? Mwongozaji Ramesh Sippy alikuwa amepiga mwisho ambamo Thakur anamuua. Bodi ya ukaguzi ya India, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Juni 1975, ikaukataa, ukapigwa mwingine. Kwa hiyo waliosema mwisho ule hauendani na picha walikuwa sahihi kabisa, bila kuambiwa na mtu. Na mwaka 2005, Filmfare ilipotimiza tuzo za 50, iliitaja Sholay filamu bora ya miaka 50. Amjad Khan alikuwa ameshafariki tangu 1992.

Picha hizo hazikuishia kwenye maneno. Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu wa Mombasa aliyefariki 2014, alizichukua tuni za filamu za Kihindi na kuzivisha mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir. Harusini Kisauni watu walisikia sauti yake, na kwa aliyeiona filamu, kipande kizima kikamrudia machoni. Walikuwepo waliomlaumu kwa kuiga. Sikubaliani nao. Bhalo alifanya kile kile walichofanya wasimulizi wa baraza: alileta ng'ambo kitu cha mbali na kukipa ulimi wa nyumbani.

Kwenye kivuko cha Likoni jambo hilo lilichukua sura ya macho. Miaka ya 1990 wapiga picha wa feri walijenga vibanda vidogo vya mbao na kuvifanya studio. Ndani mlikuwa na mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu, maua ya plastiki na karatasi za kumetameta. Mtafiti wa Kijerumani Heike Behrend ameandika kwa kirefu kuhusu picha hizo, na pia kuhusu namna wapenzi wa Kenya walivyokaa mbele ya kamera za studio kama waigizaji wa Bombay na Hollywood. Mchumba anageuza shingo, kijana anatazama mbali, mkono begani. Hawakuwa wanacheza tu. Walijua mkao gani unaeleza huba, kwa sababu walikuwa wameujadili miaka mingi. Vurugu za Likoni za Agosti 1997 zilipowafukuza wateja, biashara hiyo ikaumia vibaya.

Kufikia hapo kanda za video zilikuwa zimeshabadilisha mambo. Vibanda vilifunguliwa mitaani, televisheni moja, mabenchi, pazia la gunia mlangoni. Ng'ambo haikuhitaji tena kuvuka. Kumbi za kisiwani zikaanza kufifia, na sinema ya kisasa ilipokuja ikajengwa Nyali, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya jimbo la Kisauni. Lakini msimulizi hakufa. Alipata kipaza sauti. Tanzania alikuwepo Lufufu, Derek Mukandala, na hapa Kenya akajitokeza DJ Afro, anayeziongelea filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng juu ya sauti ya waigizaji. Wapo wanaosema anaiharibu picha. Lakini anafanya kazi ya yule kijana wa foleni ya feri, na watu wanamhukumu kwa mizani ile ile.

Ajabu ni jinsi tuzo kubwa zilivyotupita hata kamera zilipoletwa kwetu. Filamu ya Kijerumani Die weisse Massai, ya 2005, inaanzia kwenye maji ya Mombasa, ndani ya feri, ambamo mwanamke wa Kizungu anamwona moran kwa mara ya kwanza. Nina Hoss alipata tuzo ya filamu ya Bavaria kwa uigizaji wake. Moran alichezwa na Jacky Ido, mzaliwa wa Burkina Faso. Kabla ya hapo, Nirgendwo in Afrika, iliyopigwa Kenya, ilichukua Oscar ya filamu za kigeni mwaka 2003. Kwa macho yangu moyo wa picha hiyo ni Owuor, mpishi, aliyechezwa na Mkenya Sidede Onyulo. Ujerumani mwaka 2002 ilimpa tuzo mpiga picha Gernot Roll, kwa haki, na tuzo ya mwigizaji msaidizi ikaenda kwa Matthias Habich. Kitazame tena kipande Owuor anapoondoka alfajiri na mbwa wake, kisha uniambie nani alistahili.

Nyumbani, tuzo za Kalasha zilianza 2009, na ubishi ukapata uwanja mpya. Mkali zaidi, ingawa haukuhusu Kalasha, ulikuwa wa 2018. Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyokwisha kuonyeshwa Cannes, ilikuwa imepigwa marufuku nchini. Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku hiyo kwa siku 7 ili ipate sifa za kushindania Oscar. Kamati ya Kenya ya uteuzi wa Oscar ikaichagua Supa Modo ya Likarion Wainaina. Wengine waliona ni woga. Mimi naona Supa Modo ilisimama kwa miguu yake: msichana mgonjwa anayeota ushujaa, na kijana anayeendesha kibanda cha filamu kijijini na kuzisimulia kwa watazamaji. Aliyekulia kwenye benchi la kibanda Mtongwe ama Magongo hakuhitaji maelezo zaidi.

Miaka ya karibuni ubishi wa jioni ulihamia kwenye tamthilia za Kiswahili, Maria, Zora, na Sultana iliyoanza 2022 kwenye Citizen TV, kazi za Rashid Abdalla na Lulu Hassan. Na mizani bado ni adui. Winnie Bwire alimcheza Dida ndani ya Sultana kwa namna ambayo watu walimchukia kwa moyo mmoja, na huko kuchukiwa ni sifa ambayo kamati hazijui kuipima. Alifariki Septemba 2024 kwa saratani, bado kijana. Waliokuwa wakimlaani Dida kila jioni ndio waliomlilia Winnie. Wapo wanaosema alizidiwa na waigizaji wenziwe wa tamthilia hiyo, na wanazo sababu zao. Mimi namweka kwenye safu ya Amjad Khan: alijua kunyamaza kabla ya kusema neno baya, akakuacha ukilingoja.